Mikono Juu ya Bakuli

Mama yangu, shikamoo.

Leo sikununua hata kifungo. Nimeliacha soko la nguo, nikazurura Guangzhou nikiangalia mto na majumba yao marefu mpaka miguu ikagoma. Mvua ikanikimbiza kwenye mkahawa wa Waislamu, nikaketishwa meza moja na bibi mmoja Mchina. Akavuta bakuli kubwa, akainua birika. Mimi, kwa mazoea ya kwetu, nikamtolea mikono aninawishe! Kumbe ile ni chai ya moto. Hapa watu husuuzia vikombe na vijiti kabla ya kula. Akalirudisha birika haraka, akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akafungua chupa yake ya maji, akanishika mikono, akaninawisha taratibu, kidole kwa kidole, kama ulivyokuwa ukininawisha wewe kabla mkono wako haujapooza.

Chakula kilikuja, nikakaa nakitazama tu.

Mungu akuweke, Mama. Mwambie mdogo wangu Zuhura namshukuru kwa kukunawisha siku zote hizi, lakini Jumamosi nikifika, birika aniachie mimi.

Mwanao,
Rukia