Bei ya Mwisho

Ukunda, Jumanne, Novemba 1999

Bado hasira hazijanishuka. Yule mteja wa kwanza wa ng'ambo, Mjerumani, aliponiuliza kwa imeili bei ya makubadhi yangu, nilimtajia ya juu, kama anavyotajiwa mteja yeyote hapa karakanani, nikangoja aniambie nipunguze. Hakujibu tena. Hata kusema ni ghali hakusema.

Wanjiku, mwenye ofisi ya kompyuta, alinicheka. "Fundi, hao hawavutani bei. Andika moja tu, ya mwisho."

Basi wiki iliyopita alipouliza Mwingereza, nikamwandikia ya mwisho, ile aijuayo mke wangu tu. Niliona haya, kama niliyetoka nje bila shati.

Leo amejibu. Wanjiku amenisomea: viatu vimempendeza, anataka jozi mia, ila nimpunguzie kidogo.

Nipunguze nini? Ngozi? Uzi? Na nikikataa, huyu naye atanyamaza kama mwenziwe...

Laiti angekuja mwenyewe karakanani. Ningeanzia juu, tukavutana, tukacheka, akaondoka na bei hii hii akijua amenishinda.