Rufaa ya Shamba la Mikorosho

Chiola, Alhamisi usiku

Imekubaliwa. Rufaa yangu imekubaliwa, alhamdulillahi. Shamba alilolichukua shemeji baada ya mume wangu kufariki limerudi kwangu na kwa wanangu.

Tangu karani wa mahakama aniambie kuwa takwimu zao zinaonyesha rufaa nyingi hutupwa, nilishakata tamaa. Leo nikamuuliza, "Kwa hiyo takwimu zilikosea?"

"Hapana, mama. Wewe umo kwenye wale wachache."

Nimewawaza hao wengine njia nzima.

Nilihofia pia shemeji atakwenda Mahakama Kuu. Lakini nje ya mahakama alinifuata, akasema bila kuniangalia, "Shemeji, korosho zimeanza kudondoka. Watoto waje kuokota."

Nikampa mkono, akaupokea.