Njia ya Mutanga, na Malkia Uliyemwacha Safarini

Bibi,

Gauni lako la kijani bado liko kwenye msumari. Ulilipiga pasi Jumanne, ukalitundika, ukasema asiliguse mtu mpaka Jumapili. Hakuna aliyeligusa. Arobaini ilipokwisha na nguo zako zikagawiwa, Baba Mdogo Hamisi alitaka kulitoa nalo, lakini nilisimama mlangoni mwa chumba chako. Kwa kuwa mimi huwa sisimami mbele ya mtu yeyote, alishangaa, akaniacha. Ungeniona ungecheka.

Sijui kama barua inafaa. Wewe hukujua kusoma, mimi ndiye niliyekusomea kila kitu. Sasa nakuandikia, na hakuna wa kukusomea. Nimewaza jambo hilo mpaka kalamu ikakauka. Basi nitaandika tu kama vile nakusomea, polepole, ukiwa umekaa kwenye kigoda chako unachambua mchele.

Hapa mtaani Nyakabiga mambo ni yale yale na si yale. Mafuta yamekosekana tena, mabasi hayaonekani, watu wanatembea asubuhi kama wanaotoka mpirani. Jirani Mama Faida bado anapita mlangoni na kuita jina lako, halafu anajishika mdomo. Kuku wako mwekundu anataga chini ya kitanda chako, na hatumfukuzi. Mdogo wangu Yasini amerefuka, lakini hajanenepa. Akipanda ngazi za shule anasimama katikati kama mtu aliyesahau kitu, kumbe anatafuta pumzi. Midomo yake inakuwa na rangi ile uliyokuwa huipendi. Wenzake wanamwita Mzee. Anacheka nao.

Daktari alirudia yale yale aliyokuambia wewe: moyo una tundu, unahitaji kufunguliwa na kuzibwa, na mtoto inabidi apelekwe nje. Alituambia sisi wawili, mimi na Baba Mdogo. Baba Mdogo alitazama mikono yake yenye grisi muda wote. Tulipotoka akasema, "Bibi yenu angejua la kufanya."

Na kweli ulijua, Bibi. Nataka kukukumbusha jinsi ulivyojua.

Unakumbuka kile kitabu cha historia nilichoazima shuleni, pale lise, chenye jalada lililochanika? Nilikuwa nakisoma kwa Kifaransa, nakugeuzia kwa Kiswahili, ukiwa unachambua mchele. Wafalme wote uliwapita kama vituo vya basi. Halafu tukafika kwa yule mwanamke wa Hispania ya kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, mtoto wa watu wakubwa, aliyeolewa na mfalme wa mji unaoitwa Pamplona. Mume akafa, mtoto wao alikuwa bado mdogo, na yeye akashika nchi. Nilikutajia jina lake. Ukasema jina fupi hivyo ni la paka, si la malkia. Ukampa la kwako, Mama Pamplona, na tangu siku hiyo ukawa unaniuliza habari zake kama za jirani. "Mama Pamplona kaamkaje leo?"

Ulivipenda vita vyake. Ulipenda kwamba wanaume walikuja mbele yake wakijua wanakuja kwa mkubwa. Lakini ulipoacha mchele kabisa ni pale mjukuu wake alipoingia. Yule alikuwa mfalme wa nchi ya jirani, mtoto wa binti yake, na alinenepa mpaka akashindwa kupanda farasi. Wakubwa wake wakamcheka, wakamtoa kwenye kiti. Akakimbilia kwa nani? Kwa bibi yake.

"Sawasawa," ukasema. "Ulitaka aende wapi?"

Mama Pamplona alikuwa kizee tayari. Dawa ya mjukuu haikuwepo kwake. Ilikuwa Kordoba, mbali kusini, kwa khalifa wa Waislamu, ambaye Mama Pamplona alikuwa amepigana naye miaka mingi. Khalifa ndiye aliyekuwa na daktari. Nikakusomea pia kwamba huyo khalifa alikuwa damu yake: mama mzazi wa Mama Pamplona ndiye aliyekuwa bibi yake khalifa, mzaa baba yake. Mkristo na Mwislamu, tumbo moja.

Ukanishika mkono. Mkono wako ulikuwa na vumbi la mchele.

"Ngoja kwanza, Salma. Adui yake ndiye mwenye daktari?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na ni ndugu yake?"

"Ni ndugu."

Ulicheka mpaka machozi yakatoka. "Kumbe si sisi wa kwanza!"

Nilijua unamsema nani. Babu Evariste, kaka yako wa Mutanga Nord. Tangu nizaliwe nilimjua kama mtu asiyetajwa wakati wa kula. Wewe ulizaliwa Rozalia, ukabatizwa, ukasali kanisani pamoja naye, halafu ukampenda fundi magari Mwislamu ukawa Zaituni. Kaka yako akasema hataingia nyumba isiyo na pombe ya kumpokea mgeni. Wewe ukasema hutakanyaga uani kwake mpaka akuite Zaituni. Mkazeeka hivyo, mmoja mlimani, mmoja huku chini, mkitumiana salamu za misiba kupitia watu wengine.

Na binti yake Babu Evariste ndiye daktari. Anatibu mioyo ya watoto huko Nairobi, na anapokuja likizo hufikia kwa baba yake. Hamsikilizi mtu mwingine kama anavyomsikiliza baba yake. Kila mtu kwenye ukoo anajua hivyo. Wewe ulijua kuliko wote.

Siku ile nilikusomea mpaka pale khalifa alipomtuma daktari kwa Mama Pamplona, na daktari akasema atamtibu mjukuu, lakini kwa sharti kwamba bibi na mjukuu waje wenyewe Kordoba, kwa miguu yao, mbele ya khalifa. Nilidhani utakasirika. Ukarudi kwenye mchele, ukatoa mawe mawili matatu. Halafu ukasema, "Apana, huyo daktari ana akili. Shida ya mutoto unaipeleka na mutoto mwenyewe." Kisha ukasema, "Jumapili mi napanda Mutanga. Na Yasini."

Tuliwaacha hapo, Mama Pamplona na mjukuu wake, wakiwa safarini. Ulisema tusimalizie mpaka ukirudi.

Jumanne ukapiga pasi gauni. Jumatano presha ikakuchukua ukiwa unasuuza vikombe.

Sikuwepo. Nilikuwa kwenye mtihani wa jiografia.

Yaliyofuata huyajui, na ndiyo yanayonilemea. Tulikuzika siku ile ile, alasiri, kama inavyotakiwa kwetu. Katika kukimbia huku na kule hakuna aliyempigia Babu Evariste mpaka jioni, wewe ukiwa umeshalala mchangani. Na kwao maiti hukaa siku kadhaa, watu wakakesha, wakasali, jamaa wa mbali wakafika. Kwa hiyo aliposikia umefariki hakuharakisha. Alitafuta maua. Alivaa suti. Akafika kesho yake asubuhi na shada kubwa kifuani, amekuja kumuaga dada yake, akakuta wanawake wanaosha masufuria.

Mimi ndiye niliyekuwa getini, Bibi. Aliniuliza, "Yuko wapi?" Nikasema, "Tumeshamzika." Basi. Ningeweza kumweleza ni desturi, kwamba hatukumkimbia. Baba Mdogo Hamisi akatoka akamwambia kwa sauti kwamba kwetu maiti haingoji suti. Babu Evariste alilitazama lile shada kama mtu aliyebebeshwa mzigo usio wake. Hakuvuka geti. Aligeuka akapanda barabara nalo, anatembea, katika jua lile.

Tangu hapo Baba Mdogo hataki kulisikia jina lake. Nilipomwambia nitakwenda mimi, alicheka, si kwa ubaya. "We Salma? Mutu anayeogopa kuagiza mkate dukani? Utaongea nini na yule mzee?"

Nilikwenda Jumamosi iliyopita. Nilitembea kutoka Nyakabiga mpaka Mutanga Nord nikiyasema maneno yangu kimoyomoyo. Sikwenda mikono mitupu: Mama Faida alinipatia sukari kilo moja, na unajua sukari ilivyo ngumu kuiona siku hizi. Nilikaribishwa vizuri na mke wake, Bibi Goreti. Alinifungulia geti, akanipeleka jikoni kwanza kwa sababu alikuwa na chungu motoni, nami nikampa sukari pale pale jikoni. Akafurahi, akaiweka kabatini.

Hapo ndipo nilipoharibu, na sikujua.

Nilikaa sebuleni mbele ya Babu Evariste. Nikapewa limonadi. Akaniuliza darasa ninalosoma. Akaniuliza kama Kifaransa ni kigumu. Akasema, "Soma, soma. Rozalia alikuwa na kichwa, walimnyima shule tu." Halafu akanyamaza, mikono kwenye magoti, na mimi nikanyamaza, nikingoja aniulize kilichonileta. Hakuuliza. Saa ya ukutani ilikuwa inapiga kelele kuliko sisi wawili.

Bibi Goreti ndiye aliyenieleza wakati ananisindikiza. Kwao mtu akija na neno huja na pombe, huiweka katikati mbele ya mwenye nyumba, halafu husimama na kusema kilichomleta. Ikikosekana pombe, basi kinywaji chochote, lakini kiwekwe mbele yake akione. Mtu aliyekaa bila kuweka kitu amekuja kusalimia tu, na kumuuliza shida yake ni kumvunjia heshima. "Yampayinka, masikini mwanangu, ungeileta sebuleni hata hiyo sukari! Alikuwa anakungojea." Wewe uliyajua haya yote, ulizaliwa ndani yake. Hukuwahi kunifundisha, kwa kuwa ulidhani utakuwa mbele yangu, mimi nyuma nimebeba mfuko.

Lakini kuna nilichokiona. Kwenye ukuta wa baraza lake, juu ya kiti chake, lile shada limetundikwa. Maua yamekauka yamekuwa rangi ya chai. Utepe bado unasomeka: Kwa dada yangu. Alinitoa mpaka pale barazani, akaona ninalitazama. Akasema, bila kunigeukia, "Walimzika mbio mbio, kama mutu aliyeiba. Sijui hata wamemlaza upande gani."

Na mimi sikujua. Wanawake hatukwenda makaburini siku ile, na mpaka leo Baba Mdogo hajanipeleka.

Nilirudi nikiwa nimeshindwa kabisa. Mlima wote niliuteremka nikilia kimya kimya, nikijifanya ni vumbi. Ninajua vita vya watu waliokufa miaka elfu iliyopita na siwezi kusema sentensi moja mbele ya mzee mmoja. Yasini alikuwa amekaa kwenye kigoda chako. Akauliza, "Alisema nini?"

"Hakusema."

"Na we?"

"Sikusema."

Nikamsimulia habari ya shada, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kusimulia. Akafikiri. Kisha akasema, kama anayetaja kitu kidogo, "Hajui Bibi amelala wapi? Mi najua. Baba Mdogo alinibeba mabegani. Ni karibu na ukuta, pale penye mti uliochomwa nusu. Nilitupa udongo na mkono huu."

Nimeuangalia mkono huo tangu siku hiyo, Bibi. Kucha zake zina ubuluu.

Nilimaliza kitabu jana, peke yangu. Sikutaka, lakini nilitaka kujua. Walifika Kordoba. Khalifa aliwapokea, adui yake na ndugu yake, kizee mzima aliyevuka nchi na mjukuu asiyeweza kukaa juu ya farasi. Daktari akamnyima chakula, akampa maji ya majani tu, siku baada ya siku, mpaka unene ukaisha. Najua ungesema nini: hiyo dawa ni Ramadhani bila futari! Nilicheka peke yangu, halafu ikauma. Yule mjukuu alirudi kwao akiwa mwembamba, akarudishiwa kiti chake. Lakini kitabu kinasema yaelekea Mama Pamplona alikufa kabla ya hapo. Alimfikisha kwa daktari. Hakuyaona mengine.

Wewe hukumfikisha, na mimi sina akili yako wala mdomo wako. Daktari wa Nairobi anakuja mwisho wa mwezi huu, anakaa siku chache, anaondoka. Huenda Babu Evariste akakataa. Huenda akasema tulimnyima dada, sasa tunamtaka binti. Huenda Yasini akachoka njiani, mimi nikashindwa hata kumbeba. Sijui, Bibi. Kila nikijaribu kuona mbele naona lile geti tu.

Kesho ni Jumapili. Nitaanza mapema na Yasini kabla jua halijawa kali, tutapumzika kila penye kivuli. Nimekopa chupa za limonadi kwa Mama Faida. Nitaziweka katikati, mbele ya Babu, azione, halafu nitasimama. Ninakuahidi kwamba nitasimama. Sauti ikikataa, Yasini atasema lake, kwamba yeye anajua ulipo, na akitaka atampeleka, na shada lake. La moyo wa Yasini nitalisema baadaye, kwenye kaburi lako, wewe ukinisikia.

Nitavaa gauni la kijani. Nimelipunguza mabega kidogo, unisamehe.

Lala, Bibi Zaituni. Lala, Rozalia wa kaka yako. Ukisikia nyayo karibu na ukuta, moja nzito ya mzee, moja ya kusimama-simama ya mtoto, ujue ni sisi tumefika.

Mjukuu wako,
Salma