Wifi Hafutwi

Msimbati, 14 Oktoba 2024

Wifi Salma,

Asalaam alaikum. Sisi huku wazima. Korosho zimeanza kuanguka, na kaka yako Hashimu mgongo umempa nafuu, anaokota mwenyewe bila kulalamika sana. Nanyi Mtawanya hali zenu? Mwanetu Nasra anaendeleaje na maandalizi ya harusi yake?

Usishangae kuona karatasi. Nikikupigia, simu inakatika. WhatsApp, tiki moja tangu Ijumaa. Nikamwomba jirani yangu Asia ajaribu kwa simu yake, ukapokea mlio wa kwanza. Ndipo nilipoelewa kwamba umenifungia.

Najua chanzo ni ile picha niliyoweka Facebook, nimesimama na Mwanakombo binti Shaibu anayegombea uenyekiti wa kijiji chetu kwa upinzani. Niliandika kwamba kura yangu ni yake. Watu wakanitukana hapo chini. Hao siwajui, sikuwajali. Lakini neno "msaliti" umeliandika wewe, kwa jina lako. Kisha nikatolewa kwenye kundi la akina mama wa ukoo bila hata kuulizwa.

Nimemsaliti nani, wifi? Nijibu kwa huyuhuyu Frank anayeleta samaki sokoni huko.

Wifi yako,
Shadya

---

Mtawanya, 22 Oktoba 2024

Wifi Shadya,

Waalaikum salaam. Sote hatujambo, namshukuru Mungu. Mpe kaka pole ya mgongo.

Nitasema bila kuzunguka. Jafari anagombea uenyekiti wa mtaa. Kila anapopita kuomba kura, wapinzani wake wanatoa simu na kumwonyesha: "Mke wa shemeji yako mwenyewe hakitaki chama chako, sisi tukitakie nini?" Juzi alirudi akalala bila kula. Mimi ni mke wake, ulitaka nifanyeje? Kundi la ukoo nimelifungua mimi, na siwezi kukaa humo na mtu anayemvunjia mume wangu heshima.

Futa picha. Hakuna atakayekuchungulia unapopiga kura. Mpe unayemtaka, lakini kimya kimya. Ukifuta, nakufungulia siku hiyohiyo, na tarehe tisa Novemba unakuja kumsinga Nasra, kumpaka liwa ya harusi, kama tulivyopanga. Usipofuta, bora kaka aje peke yake.

Wifi yako,
Salma

---

Msimbati, 26 Oktoba 2024

Wifi Salma,

Salaam. Barua yako nimeisoma kwa sauti ili Hashimu asikie. Amesema, "Mimi ndiye mjomba wa Nasra. Kama mke wangu hana mlango, na mimi sina." Nimemkatalia. Harusi bila mjomba ni aibu ya mtoto, na mtoto hajatukosea.

Nami nakuja. Ulipolazwa baada ya kumzaa Nasra, nilimnyonyesha pamoja na Asadi wangu mpaka ukapona. Kwa dini yetu yule ni mwanangu. Sihitaji kadi ya mwaliko.

Picha sifuti. Kura ya kimya kimya nimepiga miaka yote, nikimwogopa mwenye duka, nikimwogopa balozi wa nyumba kumi, nikiogopa majirani. Sasa nina mvi, nimechoka kunong'ona ndani ya nyumba yangu. Sikumtaja Jafari, sikumtukana mtu. Wakimuuliza, awajibu kwamba Shadya ni mtu mzima.

Sitavaa rangi ya chama chochote. Nitakuja na liwa yangu.

Wifi yako,
Shadya

---

Mtawanya, 15 Novemba 2024

Wifi Shadya,

Asalaam alaikum. Natumaini mlifika salama. Uliondoka bila kuniaga, nami sikulaumu.

Siku ile uliona nusu tu. Nilikuuliza mlangoni kama umefuta, ukasema hujafuta, nikakwambia urudi. Badala ya kurudi ukakaa barazani na bakuli lako. Ndani, Nasra alikuwa amekwisha kupakwa mkono mmoja. Akauliza, "Mama Shadya yuko wapi?" Nikamjibu kwamba uko nje, na kwamba baba yake ana uchaguzi. Akauvuta mkono wake. "Basi na mimi niko nje." Ndipo ulipomwona anatoka, akakaa mkekani kwako. Wanawake wakamfuata, kila mmoja na kopo lake. Nikabaki peke yangu na redio, nawasikia mnaimba. Nilitoka mwisho kabisa, wala hukugeuka kunitazama.

Yaliyofuata huyajui. Kuna mtu alipiga picha. Jumatatu akina mama wa kampeni wakaniita, wakataka niandike kwenye kundi lao kwamba nimekukana na hutakanyaga tena kwangu. Maneno walikwisha kuyaandika wao, mimi nibonyeze tu. Nilipoona "Shadya si wifi yangu," kidole kilikataa. Nikaandika yangu: "Shadya ni mke wa kaka yangu na mama wa mwanangu. Sikubaliani naye hata kidogo. Kumkana simkani." Sijaweka simu chini, wamenitoa.

Jafari amenuna. Anataka niwaombe radhi wanirudishe. Nimemwambia kura yangu ni yake, chakula chake kiko mezani, lakini radhi hiyo sina.

Nimekufungulia. Lile neno nimelifuta, nisamehe, wifi. Ila picha yako bado siipendi, na hata ningeishi Msimbati, Mwanakombo wako nisingempa kura.

Wifi yako,
Salma

---

Msimbati, 29 Novemba 2024

Wifi Salma,

Waalaikum salaam. Huku tu wazima, Hashimu anakusalimu. Nilikwisha kukusamehe siku ileile tuliyoongea kwa simu. Leo nimerudi kwenye karatasi kwa sababu nataka isomwe na watu wawili.

Mwanakombo ameshindwa. Nimelia kidogo, nikaenda shambani. Picha yetu bado ipo palepale.

Nimesikia shemeji ameshinda. Nimesikia pia kwa Frank kwamba ametangaza mtu wa upinzani asifike kwake, hata kumpongeza. Mpe asome kuanzia hapa.

Shemeji Jafari, hongera. Ningekuwa mpiga kura wako nisingekupa, lakini waliokuchagua ni watu kama mimi, nao nawaheshimu. Jumapili nakuja na mume wangu, tunakuleteeni samaki. Mkono wa pongezi naubeba mwenyewe. Ukitaka kuukataa, utaukataa mbele yangu, na mbele ya mkeo.

Wifi, weka wali jikoni.

Wifi yako,
Shadya