Kompyuta Iliyoninyang'anya Bibi Yako

Kulwa, mume mwenzangu,

Shikamoo yako imefika Kiseke, marahaba. Hatujambo, na mbuzi amezaa. Unauliza kwa nini nautukana huo mfumo mpya uliotuwekea kwenye kompyuta. Ni wivu, mjukuu wangu.

Zamani bibi yako akitaka kuona kwaya, aliniita nishike kipanya, maana yeye kilimshinda. Sasa kuna vile visanduku vya rangi, anagusa kwa kidole na kwaya inaimba. Mimi naitwa kula tu.

Ujanani kule Magu nilikuwa nalima shamba la kwao kwa ng'ombe wangu, yeye akiwaongoza mbele. Kisha wazazi wake wakakodi trekta. Nikanuna nyumbani, nikijua ndiyo basi. Akanifuata, akasema, "Wewe, kwani ulikuwa unafuata shamba?"

Nikamuoa.

Jana aliigusa hiyo kompyuta yako, kwaya ikaanza, halafu akanisogezea kiti. Nikakaa. Wivu bado ninao, ila umepoa kidogo.

Hajajua bado pa kuizimia. Usimfundishe.

Ni mimi babu yako, mume mkubwa.