Jiwe chini ya korosho

Felomena, uko wapi? Mume wangu Shaibu anajua!

Anajua zile korosho za mwaka themanini na nne, homa ilipompofusha ndani ya siku mbili tu.

Unakumbuka alivyokaa barazani hapa Malolo akizichambua kwa vidole, nzuri huku, mbovu huku. Akienda kuswali, mimi nazichambua upya kwa siri. Kikapu kizima nakuta mbovu tatu tu!

Leo tunakunywa uji, ananiambia kwa upole, "Mama Amri, mwaka ule, siku moja nilificha jiwe chini ya korosho nzuri. Niliporudi kutoka msikitini halikuwepo."

Nalikumbuka hilo jiwe! Nililitupa nikasema, maskini, hata jiwe halijui tena.

Namuuliza, "Ndiyo maana ukaacha kuchambua?"

"Nilisema mgongo unauma. Sikutaka uone haya."

Miaka yote hii, Felomena. Mimi namdharau, yeye ananisitiri.

Nimemwekea mbele kikapu cha msimu huu. Anachambua, anacheka, "Leo kaa mbali, bibi wewe!"

Nimeona moja mbovu imeingia kwenye nzuri. Mikono inaniwasha.

Nimeiacha.