Baba, Nimefungua Klachi ya Mtaliano

Baba,

Nimekaa sakafuni kwenye gereji yetu ya Mvara, hapa Arua, mgongo nimeegemeza tairi la Mtaliano, gari lako kuukuu, na karatasi nimeiweka juu ya goti. Giaboksi liko chini pembeni yangu. Nimelishusha leo asubuhi, nimeona kilichokuwa nyuma yake, na sina mtu wa kumwambia isipokuwa wewe. Na wewe uko kijijini Ludara, chini ya udongo, leo siku ya thelathini na nne.

Bado sijazoea. Jana nilikuwa chini ya gari, nikanyoosha mkono nikasema, "Baba, kumi na tatu," nikangoja spana. Nilingoja kweli. Mkono ulipochoka ndipo nikakumbuka.

Baba mdogo Taban ndiye aliyenituma kazi hii. Tangu tukuzike, mali yako yote iko chini yake, na gari pia. Anataka litembee kabla ya arobaini, libebe wazee kutoka Koboko mjini mpaka Ludara. Alinipigia simu akasema, "Ile gari umeua, tengeneza." Nikamjibu, ndiyo Baba mdogo. Ningemjibu nini? Hata mimi niliamini nimeliua. Niliamini nimeua zaidi ya gari.

Acha nikueleze nilivyoamini, maana sikuwahi kukuambia na sasa ndiyo nafasi.

Unakumbuka kifua kilivyokubana tulipokwenda Ludara kuvuna karanga. Nilikulaza kiti cha mbele, nikashika usukani twende hospitali Arua. Mpaka Maracha Mtaliano alikwenda vizuri. Kisha nikikanyaga mafuta sauti inapanda, mwendo unashuka. Nikabadilisha gia, nikabadilisha tena. Harufu ya kuungua ikajaa ndani. Tulipokuwa tunaiona Ombaci pale mbele, Baba, pale pale, karibu kabisa na mji, akasimama. Injini inanguruma na magurudumu hayataki. Nilipunga mkono kila gari lililopita. Nilipiga kelele kama mwendawazimu.

Wewe ukafumbua macho. Ukavuta hewa kwa pua mara mbili, vile ulivyokuwa unanusa gari la mteja kabla hujafungua boneti. Ukasema, "Zaitun. Si mguu yako."

Hayo tu. Pikapu ya muhogo ilipokubali kusimama, mkono wako ulikuwa umeshalegea ndani ya wangu.

Nikadhani ulinihurumia. Maana mguu wangu wa kushoto tunaujua wote wawili! Tangu uniweke kwenye usukani wimbo wako ulikuwa mmoja: "Toa mguu kwa klachi! Hiyo si kiti ya kupumzika." Uliwahi kunivua kiatu ukakitupa nje dirishani ili nijifunze. Kwa hiyo nilijua. Nimelalia klachi kwa hofu kutoka Koboko, nimeichoma, na baba yangu amekufa kando ya barabara kwa sababu ya mguu wangu. Siku ya mazishi Baba mdogo alisema mbele ya watu wote, "Kama mwanaume alishika hii gari, mzee iko hai leo." Niliinamisha kichwa nikaendelea kumimina chai.

Leo asubuhi nimefungua. Nimetoa shafti ndefu, nimefungua boliti za giaboksi, nimeliteremsha kifuani kama ulivyonifundisha, taratibu, taratibu. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua nitakuta sahani ya klachi imelika mpaka kwenye misumari yake ya ribiti, kavu, unga mweusi kila mahali. Hivyo ndivyo mguu mzito unavyofanya.

Sahani bado ilikuwa nene, Baba.

Nene, na imelowa. Oili ilitiririka mpaka kwenye kiwiko changu. Sahani iliyolowa oili haishiki, inateleza tu mpaka inaungua, uwe na mguu mwepesi wa malaika. Nikachukua tambaa nikafuta taratibu kufuata oili inakotoka, mpaka nikafika kwenye ile sili ya nyuma ya injini, pete ya mpira yenye springi inayozuia oili isitoke. Nikamulika tochi. Nikazima tochi. Nikaiwasha tena.

Springi ya sili ilikuwa inanitazama mimi.

Wewe ndiye uliyenifundisha nikiwa bado nasoma: springi inatazama oili, ndani, haitazami nje hata siku moja. Ukiigeuza, ni sawa na kufunga mlango na kuacha ufunguo nje. Nikasema hapana, atakuwa mtu mwingine. Nikachukua sili nyingine rafuni, nikailinganisha, mara tatu. Ni nani mwingine? Ulibadilisha sili hiyo mwenyewe wiki chache kabla ya safari ile, mimi nikiwa Koboko kwenye harusi. Nilikuambia uningoje, ukasema kazi ya sili siyo ya kungoja mtoto.

Kisha nikaona nukta zako. Ile rangi nyeupe unayotia kwenye kichwa cha kila boliti uliyokaza, ili ujue umeikaza. Boliti sita za klachi, nukta sita. Zote zimekaa pembeni, kwenye chuma kitupu. Hakuna hata moja iliyogusa boliti.

Baba, ulikuwa huoni.

Nimekaa hapa tangu saa nne na sasa adhana ya adhuhuri imepita, na bado nasema sentensi hiyo moja. Ulikuwa ukiniambia, "Soma wewe hii namba, mkono yangu iko chafu." Mwaka mzima mikono yako ilikuwa michafu, hata ulipotoka kutawadha! Jirani yetu Mama Asina alikupita njiani hukumsalimia, tukacheka tukasema mzee siku hizi ana maringo. Nilikuwa nakusomea, nakupimia, nakutungia uzi kwenye sindano, na sikujua ninafanya nini. Hukuniambia. Mimi, ambaye ulinifunza kwamba gari bovu si aibu, aibu ni kuficha ubovu. Nimekukasirikia leo, Baba, nisamehe, nimepiga teke debe la oili chafu na sasa sakafu yote ni matope.

Halafu nimekumbuka pua yako. Mara mbili ulivuta hewa. Klachi inayochomwa na mguu ina harufu yake, na oili inayoungua ina yake, wewe ungezitofautisha usingizini. Hukuwa unanihurumia. Ulijua. Kifua kinakubana, pumzi imebaki ya maneno matatu, na maneno hayo ukayatumia kunitoa mimi kwenye kosa lako. Na mimi sikukusikia. Siku thelathini na nne sikukusikia.

Sasa nifanye nini na hii sili?

Desturi ya gereji unaijua, ni yako: kitu kibovu kinarudi mkononi mwa mwenye gari, kimefungwa kwenye gazeti, aone kwa nini kilikufa. Mwenye gari sasa ni Baba mdogo. Nikimpa sahani peke yake, ataona imeungua, atasema si nilisema? Nami nitabeba lawama hiyo mpaka kaburini. Nikimpa na sili, mkutano mzima wa arobaini utajua fundi mkubwa wa Arua alikosea kazi ya mwanafunzi wa mwezi wa kwanza, na kosa lenyewe likamzuia asifike hospitali. Nilifikiri kuitupa chooni. Nilifika mpaka mlangoni, Baba, naapa.

Nikakumbuka lori la mashine ya mahindi. Ulisahau kukaza nati moja, gurudumu likatoka, bahati hakuna aliyeumia. Mwenye lori alikuwa anamlaumu dereva wake. Ulichukua ile nati, ukatembea kwa miguu mpaka nyumbani kwake, mimi nikikufuata nyuma nikiona haya hadi machozi. Ukaiweka kiganjani mwake ukasema, "Hii kosa iko yangu. Dereva hapana." Wateja hawakupungua. Waliongezeka.

Na kuna jambo jingine, ambalo nani angelijua kama si mimi mwenyewe. Siku mbili kabla ya safari ile ya karanga niliona tone la oili chini ya Mtaliano, chini ya giaboksi kabisa. Nikamwaga mchanga juu yake. Nikasema ni mzee, wazee wote huvuja. Nilikuwa macho yako bila kujua, na macho hayo nayo yalitazama pembeni.

Kwa hiyo nimekata shauri. Sahani yenye lining mpya, ile ngozi yake inayoshika, nimeshaipata, waliipiga ribiti jana pale bazaa. Sili nitaiweka mimi, springi ndani, na kabla ya kufunga nitamwita fundi jirani aje aangalie, nisione haya. Nukta nitazitia juu ya boliti.

Siku ya arobaini nitapeleka wazee Ludara. Dua ikiisha, nitamwekea Baba mdogo gazeti mkononi, sahani na sili vyote viwili, mbele ya watu walewale. Nitamwambia, "Hii kosa iko ya gereji yetu." Sitasema yako. Sitasema yangu.

Baba, lala salama. Macho yako sasa hayahitaji mtu wa kuyasomea. Nakuahidi sitaficha ubovu, wa gari wala wa mwili wangu. Na nikipita pale karibu na Ombaci nitashusha vioo vyote nivute hewa mara mbili, mguu wa kushoto ukiwa sakafuni.

Binti yako,
Zaitun